Wachukuzi Katika Maji ya Mgongo

Siku ya kwanza nilipoingia labo, yaani maabara, ya hospitali ya Kasongo, nilikuwa na hakika kwamba nitapewa koti jeupe. Nilipewa ndoo. Shefu wa Labo, mtu mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa katekisimu, alinielekeza kwenye beseni la vioo vichafu na kuniambia nisiinue kichwa mpaka viishe. Nilikuwa nimetoka tu sekondari na nilijiona msomi. Kioo cha tatu kilinivunjikia mkononi. Shefu hakunifokea. Alisema, "Kijana, kioo kilichovunjika hakidanganyi mutu. Kioo kichafu ndicho kinadanganya."

Mchana akaniita mezani kwake. Alishika bomba dogo la kioo lenye maji meupe kabisa.

"Unaona nini?"

"Maji, Shefu."

"Maji ya wapi?"

"Ya kisima?"

Alicheka mpaka miwani ikateremka. "Kisima gani, we? Haya yametoka mu mgongo ya mama moja wa kule Wamaza. Ni maji yanaogesha ubongo, inashuka mpaka ku kiuno. Sasa tazama."

Alichukua kioo cha duara chenye dawa ya fenoli, akaangusha humo tone moja la maji yale. Mara ile ile likafunguka wingu jeupe, likazunguka kama moshi wa tumbaku. Sijawahi kusahau. Nilikuwa kijana wa kutaka ajabu, na ajabu ilikuwa mbele yangu ndani ya tone.

"Wingu iyo ni protini," Shefu alisema. "Maji safi haina kitu. Ukiona wingu, adui ameingia mu nyumba ya ubongo."

Niliishika sentensi ile kama mtoto anavyoshika sala, nikaifanyia kazi maisha yangu yote. Nataka niwaeleze ninyi mnaosomea kazi hii leo jinsi tulivyoifanya, na jinsi sentensi ile ilivyokuja kupinduliwa nikiwa nimeshastaafu.

Adui aliyekuwa akisemwa alikuwa malale. Mbung'o anamuuma mtu kandokando ya mto, anamwachia vijidudu ndani ya damu. Mwanzoni ni homa na kichwa kuuma. Baadaye vijidudu vinavuka na kuingia ubongoni, na hapo mtu anabadilika: analala mchana, anatembea usiku, anawatukana wakwe, anapotea njia ya shamba lake mwenyewe. Kazi yetu ilikuwa kuwakamata mapema. Tulianza kwa vidole, tukipapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Kisha damu ilipitishwa kwenye safu ya kuchujia, kibomba chenye unga mweupe unaozishika chembe za damu na kuviachia vijidudu vipite. Tulichokipata chini tulikitazama kwa hadubini, na vijidudu kama vilikuwepo ungeviona vinacheza kama samaki wadogo waliotolewa mtegoni.

Aliyekutwa navyo alipigwa ponksyo, yaani alichomwa sindano mgongoni ili maji yatoke na tujue kama ubongo umeshaguswa. Mgonjwa alikaa juu ya kiti kifupi, mgongo wazi, akakumbatia magoti na kuinama kama anayetafuta kitu kilichoanguka chini. Shefu alikuwa na sheria yake mwenyewe, ambayo sikuiona kwa mwingine: hachomwi mtu aliyekula. Alisema mwenye tumbo tupu hatapiki na hatatikisika. Watu wote wa Kasongo waliijua. Mtu alipokataa chai asubuhi, jirani alimtania, "Unangojea sindano ya Shefu?"

Kutoka Kasongo nilipelekwa Kabambare, kwenye ekipe ya kutembea, yaani kikosi kilichozunguka vijijini kupima watu. Kiongozi wa Ekipe alikuwa mtu wa amri fupi. Alizunguka na pikipiki iliyojua matope kuliko barabara, nasi tulimfuata na hadubini ikiwa imefungwa mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Tulifika vijiji ambavyo mvua ikinyesha vinakuwa kisiwa. Huko Lusangi, familia moja ilimleta mzee aliyekuwa akipotea njia na kuwaita watoto wake kwa majina ya kaka zake waliokufa. Shingo safi, damu safi. Kiongozi alinitazama, nami nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya mvua.

"Ni nini?" akauliza.

"Hakuna kitu. Ni uzee."

"Basi mwingine aje."

Nikaita mwingine. Binti yake yule mzee alisimama kidogo, kama mtu aliyeuliza bei na kujibiwa duka limefungwa. Wazee wa namna ile walikuwa wengi katika miaka yangu. Sikuwadhuru, lakini sikuwauliza hata swali moja. Tulikuwa na kipimo kimoja, na kila ambacho kipimo kile hakikukionyesha tulikiita si kitu.

Shefu alistaafu kabla yangu, akarudi kwao Kabambare. Mimi nilistaafu baadaye, nikarudi Kasongo kwenye nyumba ya ukoo wetu karibu na msikiti, nikalima mpunga kidogo. Nilidhani ajabu zangu zimekwisha.

Kisha Anjela, binti yake Shefu, akanipigia simu.

"Baba Ramazani, njoo. Baba hakuli."

"Anaumwa tumbo?"

"Tumbo haina neno. Anasahau, sasa ni muda mrefu. Alinisahau mimi, nikavumilia. Lakini sasa anasema yeye iko na malale. Kila asubuhi anatoa shati, anakaa ku kiti, anainama, anasema munichome. Nikileta chakula anasema mutu hachomwi amekula. Mpaka jioni nabembeleza. Amekuwa mifupa."

Niliposikia "hachomwi amekula" nikakumbuka Kasongo. Sheria yake mwenyewe ilikuwa inamla.

Kwa bahati njema, Daktari wa zoni ya afya, mwanamke kijana aliyesomea Kisangani, alikuwa anakwenda Kabambare kukagua vituo. Nilimweleza, akakubali kubeba vipimo vya malale na kunichukua nyuma ya pikipiki ya pili. Njia nzima nilijikumbusha kazi ya mikono, nikawa na furaha ya ajabu, kama fundi aliyeitwa tena kiwandani.

Tulimkuta Shefu hivyo hivyo: uani, mgongo wazi, magoti kifuani. Ungeweza kuhesabu pingili zake ukiwa mlangoni. Aligeuza shingo.

"Ninyi ni ba ekipe?"

"Ndiyo, Shefu. Ni mimi, Ramazani."

Alinipima kwa macho. "Usinidanganye, muzee. Ramazani iko Kasongo, anaosha vioo."

Anjela akaziba mdomo kwa kitenge. Mimi sikujua kama nicheke. Nikasema, "Alinituma, Shefu. Alisema nikupime vizuri."

"Basi choma. Ninasahau majina ya watu ya nyumba yangu. Mutu wa kusahau hivi, protini yake imepanda. Mi najua kazi iyi."

Tulianza na damu. Tone moja na tone la dawa juu ya kadi, unazungusha, unangoja; vikijikusanya vipunje vya buluu, kuna dalili ya malale. Havikujikusanya. Shingo nilimpapasa mwenyewe, nayo ilikuwa safi. Nikapitisha damu kwenye safu, nikaweka jicho kwenye hadubini, nikatafuta kwa subira ambayo sikuwa nayo Lusangi. Hapakucheza kitu. Daktari naye akatazama, kisha akampima malaria na wekundu wa damu, akamuuliza Anjela maswali marefu: alianza lini, alisahau nini kwanza, je, anapotea hata ndani ya nyumba. Mwishowe akavuta kiti mbele ya mzee.

"Baba, sioni malale. Sindano ya mgongo sitakupiga."

"Damu inaweza kudanganya. Maji ya mgongo haidanganyi."

"Kama damu na kadi na shingo vingenionyesha kitu, ningekuchoma mimi mwenyewe. Hivi ulivyokonda, sindano itakuletea hatari ya bure."

"Kwa hiyo niko na nini? Sema jina. Usiniambie uzee." Sauti yake ilipanda. "Uzee si jina la ugonjwa. Ni jina la mutu amechoka kutafuta."

Niliinamisha kichwa. Hakunijua, na maneno yale hayakunilenga mimi, lakini yalinipata.

Daktari akasema, "Nadhani ni Alzeima, Baba. Siwezi kuthibitisha hapa, mashine hatuna. Lakini naweza kukueleza kinachotokea."

"Eleza."

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipopata siku yangu ya kwanza kazini kwa mara ya pili.

Nyumba ya Shefu inatazama njia ya Kasongo, ile ya wachukuzi wa baiskeli, vijana wanaosukuma mabido, yaani madumu, ya mafuta ya mawese na magunia ya mchele, fimbo imefungwa kwenye usukani, matope mpaka magotini. Daktari aliwaonyesha kwa kidole.

"Kila ubongo, wako na wangu, unafanya kazi na unatoa mabaki, kama seremala anavyotoa maranda. Baki moja ni kipande kidogo cha protini, jina lake amiloidi. Si sumu iliyotoka nje. Tunaitengeneza sote kila siku. Ikiondolewa, hakuna neno. Ikikaa, vipande vinashikana, vinakauka kama bugali iliyolala kwenye sufuria, na chembe za ubongo zilizo karibu zinaanza kuumia."

"Naye anayeiondoa ni nani?" Shefu akauliza. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Hakuna aliyemwambia aunyoshe.

"Protini nyingine, Baba."

"Protini?" tulisema mimi na Shefu kwa pamoja, kama wanafunzi wawili wa darasa moja.

Daktari akacheka, akaendelea, na mimi nikasimama kwa sababu kukaa kulinishinda. Kuna protini, alisema, ambazo ni wakataji: zinaikatakata amiloidi vipande vidogo kabla haijashikana. Hizo ni vimeng'enya, na kimoja kinaitwa neprilisini. Kuna wachukuzi, na mkubwa wao ana jina refu, apolipoproteini E. Anapakia mzigo na kuusogeza. Mchukuzi huyo ana aina tatu, na kila mtu anarithi zake kwa baba na mama. Aina moja ni kama yule kijana wa baiskeli yenye gurudumu bovu: anafanya kazi, ila mizigo inamwangukia njiani, na watu wenye aina hiyo ndio wanaopata ugonjwa huu zaidi. Na kwenye ukuta wa mishipa ya damu kuna protini zilizosimama kama wenye mitumbwi kwenye kivuko cha mto Luama. Zinaupokea mzigo upande wa ubongo, zinauvusha mpaka kwenye damu, na damu inakwenda kuumaliza kwingine.

"Nao askari?" Shefu aliuliza. "Ubongo haina askari?"

"Iko nao. Ni chembe zinazozunguka na kula uchafu. Hizo nazo zina protini kwenye ngozi zao zinazozionyesha pa kuuma."

Nikamkata maneno. "Daktari, mu maji ya mgongo je? Maji safi, yale yasiyotoa wingu?"

"Hata humo. Maji safi yana protini kidogo siku zote, ila kidogo mno kuonekana kwa fenoli. Moja inaitwa transthiretini. Inaishika amiloidi na kuizuia isishikane na wenzake."

Nilikaa chini. Nilikumbuka matone yote niliyoyaangusha, yote yaliyobaki meupe, na jinsi nilivyosema kwa sauti ya kumaliza, hakuna kitu. Kile kidogo kilikuwa kazini. Wachukuzi walipita mbele ya macho yangu maisha yangu yote, wakiwa wamebeba, nami sikuwaona kwa sababu nilifundishwa kutafuta wingu tu. Ningepaswa kuhuzunika, na kidogo nilihuzunika. Lakini zaidi mwili ulinisisimka, kama siku ile ya tone na moshi.

"Shefu," nikasema, "kumbe maji safi yana kitu."

"Nani alikufundisha hayana?"

"Ni weye, Shefu."

Alitikisa kichwa taratibu, bila kukasirika, kama mtu anayefuta ubao. "Basi nilikosa. Futa." Kisha akamgeukia Daktari, na akauliza swali ambalo mpaka leo nalifurahia. "Sasa mu kichwa yangu, mama. Wachukuzi wamechoka, ama mizigo imezidi?"

Daktari akasema, "Baba, hilo ndilo swali wanaloliuliza wakubwa wa kazi hii. Kwa wazee wengi inaonekana mizigo haijazidi sana. Ni uchukuzi uliopungua nguvu. Lakini hawajamaliza kutafuta."

"Watafute," Shefu alisema, kama anayetoa ruhusa.

Nikamuuliza Daktari kama kuna dawa. Alijibu bila kutuficha. Katika nchi za mbali wanatengeneza kingamwili, ambazo nazo ni protini, zinazoishika amiloidi ili iondolewe. Kwa wale ambao ugonjwa ndio unaanza, zinapunguza mwendo wake kidogo. Hazirudishi kilichopotea, na kwa wengine zinaleta uvimbe au damu ndani ya ubongo. Ni ghali, hazijafika kwetu, na kwa Shefu muda wake umepita. "Lakini mlango umefunguka," alisema. "Walipoanza, watu walidhani amiloidi ikishakaa haitoki tena. Inatoka."

Anjela, aliyekuwa amesimama pembeni muda wote na sahani ya wali na maharagi iliyopoa, akauliza kwa sauti ndogo, "Nayo protini inatoka wapi?"

"Mwili unaitengeneza," Daktari akamjibu, "kutokana na tunachokula. Maharagi, samaki, karanga."

Shefu aliigeukia sahani. Aliitazama kwa muda, halafu akatazama njia, ambako kijana mmoja alikuwa anasukuma mabido manne kupanda mlima, mishipa imemtoka shingoni.

"Ule," akasema, "amekula asubuhi?"

"Lazima amekula, Baba," Anjela akajibu. "Angefikaje pale?"

"Mchukuzi asiyekula habebi. Lete."

Daktari akafungua mdomo. Nilijua anataka kusema nini, na alilisema, maana ni mtu mkweli: "Baba, chakula ni kizuri kwa mwili, lakini hakitaponya ugonjwa huu." Shefu alikuwa ameshavaa shati na alikuwa anakula. Hakumsikia, au alisikia na likapita. Anjela aligeukia ukuta, akafuta macho kwa kitenge. Daktari akanong'ona, "Angalau anakula."

Tulijua hatakumbuka. Kabla hatujaondoka alitoa shati tena, akakumbatia magoti. "Ninyi ni ba ekipe?" Nikamwona Anjela anakata tamaa. Basi nikavuta kiti, nikaanza upya: maranda, bugali, wakataji, wachukuzi, mitumbwi ya Luama. Na tazama, mgongo ukanyooka tena. Maswali yakaja tena, mapya kwake kama asubuhi. Nilipofika kwenye wachukuzi akachukua shati lake, akalivaa.

Ndivyo inavyofanyika sasa. Anjela amejifunza maelezo yote, na huyasema kila asubuhi kabla ya chai, kwa Kibangubangu chake na Kiswahili, vizuri kuliko mimi. Shefu anakula. Mifupa imerudi ndani kidogo. Majina hayajarudi, na hayatarudi. Ninaposikia anadhani chakula kinawalisha wachukuzi wa kichwani mwake, najua tunamwachia hesabu isiyo kamili. Nimeyafanya makosa mengi katika kazi hii, na huenda hili ni mojawapo. Sijalisahihisha.

Ninyi mnaoanza, mtakuwa na vipimo vizuri kuliko vyetu. Vitumieni. Lakini kipimo kikinyamaza, msiseme hakuna kitu. Semeni hatujaona. Kati ya maneno hayo mawili kulikuwa na mzee wa Lusangi na binti yake, na mimi sikuwapa hata kiti cha kukalia.

Njia ikikauka, ninakwenda Kabambare mwenyewe, na siku hiyo Anjela ananiachia zamu. Nadhani hakuna mstaafu mwenye bahati kama yangu. Wengine wanawapelekea walimu wao sukari na sabuni. Mimi ninampelekea wangu habari mpya, na kila mara nampata hajaisikia. Namwona inavyomwingia, macho yanavyofunguka, mkono unavyoacha magoti. Juzi nilipofika kwenye maji safi alinisimamisha, kama anavyonisimamisha siku zote.

"Ngoja kwanza. Nani alikufundisha maji safi haina kitu?"

"Ni weye, Shefu."

"Basi nilikosa. Futa." Akasogeza kiti chake karibu na changu. "Sasa nieleze vizuri. Wanabeba nini?"

Nikamweleza, na Anjela akaja na sahani.